Kunguru wa Fundi Nusu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza shajara. Watu wakubwa wote waliandika shajara. Wale ambao hawakuandika wamesahaulika, ndiyo maana siwezi kuwataja hapa.

Ofisi yetu kwanza. Vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Cha mbele tunakaa mimi, mwenzangu Miwani, na Bosi akiwepo. Cha nyuma kina kabati la chuma, na ndani ya kabati imo seva, mashine inayoendesha programu ya dirisha la dawa katika hospitali iliyo barabara ya pili. Mgonjwa anafika, mfamasia anabonyeza, seva inafikiri, lebo inatoka: jina, dawa, mara ngapi kwa siku. Seva haijazimwa tangu mwaka juzi. Bosi anajivunia hilo kama watu wanavyojivunia ndoa.

Leo Bosi katuita. Hakukaa. Mama huyu asipokaa, kuna jambo. Akasema mwezi wa kumi na mbili lebo ilichukua sekunde mbili, sasa inachukua arobaini, na kila wiki inazidi. Hospitali imechoka. Mambo yasiporudi kama zamani kufikia Ijumaa, kazi inahamia kampuni nyingine. Kampuni nyingine ina lifti.

Kisha akatukumbusha kwamba mimi na Miwani tuliingia siku moja, kwamba miezi yetu mitatu ya majaribio imekwisha, na kwamba kiti ni kimoja. Atakayepata chanzo atakikalia. Aliposema "atakayepata" alimtazama Miwani. Aliposema "kimoja" alitazama viatu vyangu.

Miwani ana shahada. Mimi na chuo tuliachana kwa amani katika muhula wa pili. Chuo ndicho kilichoanza. Ananiita mdogo wangu kwa sababu kanizidi miezi minane. Bosi ananiita Fundi Nusu. Nadhani ni kwa kuwa namaliza kazi kwa nusu ya muda wa wengine.

Hawajui wanashindana na nani. Mtu aliyemtengeneza Kunguru hashindwi na lebo!

Kunguru ni siri yangu. Bosi ana tabia moja: akifika chini, kwenye duka la magodoro, kabla hajapanda ngazi, anaingia kwenye seva kwa simu yake kuona kama iko hai. Basi nikaandika programu ndogo inayokaa humo humo ndani ya seva na kuuliza: Bosi ameingia? Bosi ameingia? Akiingia tu, hedifoni zangu zinalia kwaa, nami nafunga mchezo wa drafti na kufungua kazi. Ngazi ni ishirini na sita. Zinatosha kabisa.

Nilimwandika wiki yangu ya pili. Anaamka mwenyewe kila asubuhi ninapoingia kazini, sihitaji hata kumgusa. Siku hizi analia kwa muda mrefu, kwaa kwaa kwaa kwaa, mpaka Bosi amekwisha kaa. Nadhani amekomaa.


Jumanne, 4 Machi

Nimesoma nusu ya sura kuhusu kufuatilia miito ya kiini. Nusu yatosha. Nusu ya pili huwekwa kwa ajili ya watu wenye mashaka.

Mambo yenyewe ni haya. Ndani ya kila mashine kuna kiini, na kiini ndicho mwenye nyumba. Programu zote ni wapangaji wasio na ufunguo hata wa choo. Mpangaji akitaka kufungua faili, abishe hodi kwa kiini. Kusoma, abishe. Kuandika, abishe. Hata akitaka kulala kidogo, lazima abishe aombe kulazwa. Hodi hiyo ndiyo wanayoiita wito. Ukiweka programu ya kukaa mlangoni kwa kiini, ikahesabu nani anabisha na mara ngapi, utamjua mpangaji anayewanyima wenzake usingizi. Programu hiyo ya mlangoni ni kifuatiliaji.

Rahisi! Sijui watu wanasomea nini miaka minne.

Miwani amekuja na kiti chake akapendekeza tufanye pamoja. Anataka kuhesabu tu, si kuandika. Achague miito michache, asikilize dakika moja kila saa, aweke hesabu kwenye karatasi. Dakika moja! Kama mtu anayeonja chumvi. Nikamwambia fahali wawili hawakai zizi moja. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema yeye haoni fahali wa pili.

Nimeamua. Yeye aonje, mimi nitapakua sufuria zima. Kesho nafuatilia kila wito wa kila programu. Jibu likiwa ndani ya mashine, litatokea wapi kama si humo?


Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya. Si kosa langu. Naeleza.

Saa nne asubuhi nimekiwasha kifuatiliaji changu, nikakiamuru kiandike kila wito kwenye faili moja. Kila! Mistari ikaanza kupita kwenye skrini kama mvua juu ya bati. Mingi ilianza na herufi k, lakini kasi ile jicho halishiki kitu. Nikaenda kujimiminia chai kama mtu aliyemaliza kazi.

Kumbe kifuatiliaji nacho ni mpangaji. Kikitaka kuandika mstari kwenye faili, sharti kibishe hodi kwa kiini. Hodi hiyo ni wito. Mimi nilisema kila wito uandikwe, basi kikauandika. Kuuandika ni wito mwingine. Kikauandika na huo. Na wa huo. Nadhani jambo hili lilikuwa kwenye ile nusu ya pili ya sura.

Dakika kumi na moja, diski imejaa mpaka puani. Lebo za sekunde arobaini zikawa hadithi ya zamani; hazikutoka kabisa. Mfamasia akapiga simu. Ni mama mwenye sauti ya upole, upole wa kutisha kuliko kelele. Aliuliza kama tunafahamu kwamba upande ule kuna binadamu wamesimama. Bosi akanigeukia. Nikasema ni umeme. Taa zilikuwa zinawaka na feni inazunguka. Nikafafanua kwamba ni umeme wa aina nyingine.

Miwani akakizima kifuatiliaji, akalifuta faili, akarudi kitini. Hakunisema kwa Bosi. Aliinama tu akaninong'oneza: "Mdogo wangu, umemtuma askari ajifuate mwenyewe. Hata akijikamata, atajipeleka wapi?"

Mtu mwenye maono hajibizani na mtu mwenye karatasi.

Nyumbani nako balaa. Shangazi, dada yake marehemu baba, ndiye anayenilaza na kunilisha. Nimemkuta miguu yake iko kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, imevimba kama mikate. Ana presha, na leo ndiyo ilikuwa siku yake ya kuchukua dawa. Amesimama saa mbili na nusu. Alipofika watu watatu kutoka dirishani, mashine ikafa, wakaambiwa warudi siku nyingine. Vidonge vyake vimebaki vya siku nne: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Akavihesabu mbele yangu juu ya kitambaa cha meza.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mashine hiyo iko mikononi mwangu. Akafurahi kweli. Huwaambia majirani kwamba mimi ni daktari wa mashine. Kisha akasema yeye hamlaani mtu, ni mcha Mungu. Ila huyo aliyeiharibu mashine anamwombea soksi zake zisikauke mpaka siku atakayokiri.

Nikaitikia amina. Kwa nguvu, kwa sababu namfahamu mfamasia, na nilihisi ni yeye anayebonyeza vibaya.


Alhamisi, 6 Machi

Nimekanyaga dimbwi mlangoni pa duka la magodoro. Mguu wa kulia wote. Mwuza magodoro amecheka mpaka akakalia bidhaa.

Lakini nina mpango mpya, na huu ni wa kiakili. Kwa nini nifuatilie programu zote wakati kuna mtu mmoja anayekaribia jibu? Miwani anaandika maelezo yake ndani ya seva. Kila herufi anayoibonyeza, kihariri chake, yaani programu anayoandikia, kinabisha kwa kiini ili kiipokee. Basi nimekielekeza kifuatiliaji kwenye kihariri hicho peke yake. Hicho tu! Nani anasema sijifunzi?

Herufi zikaanza kunijia moja moja, kama karanga mkononi. Mimi nimekaa mita mbili nyuma ya mgongo wake, uso wa malaika, namsoma kichwani. Mwanzoni aliandika mambo makavu ya hesabu. Kisha akatulia. Akapangusa miwani yake. Kisha ikaja sentensi nzima: nimepata, chanzo ni printa ya dirisha la tatu, nitamwambia Bosi saa sita kamili.

Ilikuwa saa tano na robo. Kawia ufike ni methali ya watu wasio na washindani.

Nikamfuata Bosi chumba cha nyuma, nikafunga mlango nyuma yangu. Nikamweleza kwamba baada ya uchunguzi mpana nimebaini tatizo halimo ndani ya seva hata kidogo, ni printa ya dirisha la tatu inayowakawiza wenzake. Bosi alisimama! Akafungua stoo, akatoa printa mpya iliyokuwa bado na nailoni, akanipa mikononi, akaniambia niende nikaibadilishe sasa hivi. Tulipopita karibu na Miwani, yeye alikuwa anaangalia nje ya dirisha kwa umakini sana. Nje kuna ukuta.

Printa ina uzito wa mtoto wa darasa la pili. Kwa miguu na mzigo ule ni dakika ishirini, jua la saa sita, soksi moja imelowa inapiga kwichi kila hatua. Nikafika. Dirisha la kwanza. Dirisha la pili. Kisha ukuta. Niliugusa ukuta, labda dirisha limefungwa vizuri sana.

Hospitali hii ina madirisha mawili tu ya dawa.

Mfamasia alikuwa anaandika lebo kwa kalamu, mashine ikiwa inafikiri. Kidole chake cha kati kina alama ya wino kama cha mwanafunzi. Nyuma yangu foleni inafika mpaka ngazi. Baba mmoja amembeba mtoto aliyelala, anabadilisha bega kila baada ya dakika. Mama mmoja amegeuza ndoo ameikalia, kila mtu mmoja akihudumiwa anaisogeza ndoo hatua moja na kukaa tena. Mfamasia akauliza nimeleta nini. Nikasema nimekuja kupima ukuta. Akasema kwa ile sauti yake, "Basi baba, ukimaliza ukuta, upime na hii foleni."

Nikarudi na printa yangu. Inakuwa nzito zaidi wakati wa kurudi, jambo ambalo sayansi haijalieleza.

Miwani alinipokea kwa swali: dirisha la tatu linaendeleaje? Kisha akanifafanulia bila kuulizwa. Kila wito ukisimamishwa mlangoni ili uandikwe, mwenye wito anachelewa. Asubuhi nzima herufi zake zilikuwa zinakokota miguu. Anabonyeza a, inatokea baada ya kupiga chafya. Akajua kuna mtu amekaa mabegani kwake. Akaona si vizuri kumwacha mgeni bila kumwandalia kitu.

Bosi naye aliuliza ilikuwaje. Nikamwambia printa ile ilipata nafuu kabla sijafika.


Ijumaa, 7 Machi

Nimeamka na soksi kavu. Nimefika kazini na soksi zilizolowa. Mwuza magodoro alikuwa anaosha kibaraza. Sijui watu wana nini wiki hii.

Siku ya mwisho. Saa nane mkuu wa hospitali angempigia Bosi simu kusikia moja ya maneno mawili, imepona au haijapona. Miwani hakuwa amefika, alikwenda hospitali kusimama na saa mkononi, kupima lebo. Nikaona niazime njia yake. Kuazima si kuiba. Mwizi hana nia ya kushinda, ana nia ya kuondoka.

Basi: si kuandika, kuhesabu tu. Nikakiachia kiini chenyewe kihesabu hodi zake kwa dakika moja, kisha kinipe jumla. Kimya. Seva haikuguna hata. Jedwali likaja. Safu ya kwanza jina la programu, ya pili idadi ya miito, ya tatu nakala ngapi zinafanya kazi, ya mwisho mwenye programu.

Programu ya dirisha la dawa, ambayo ndiyo kazi pekee ya mashine hii duniani: miito elfu tisa. Ilikuwa mstari wa pili.

Mstari wa kwanza: kunguru. Miito milioni thelathini na moja. Nakala sitini na moja.

Mwanzoni nilidhani ni kunguru mwingine. Ni jina la kawaida. Kisha nikasoma safu ya mwisho, na humo nimeandikwa mimi, jina langu, la baba, na la babu.

Nilikaa.

Kila asubuhi nikiingia kazini anazaliwa Kunguru mpya. Hakuna aliyewahi kumwambia wa jana aende zake. Na hakuna hata mmoja niliyemwagiza apumzike kidogo kati ya swali na swali. Bosi ameingia? Bosi ameingia? Bosi ameingia? Sitini na mmoja, mchana na usiku, Jumapili na sikukuu, wanabisha kwa kiini, na lebo ya mgonjwa imesimama nyuma yao kwenye foleni, inasogeza ndoo yake hatua moja, inakaa tena.

Hivyo ndiyo maana kilio chake kilikuwa kirefu. Hakukomaa. Alikuwa ukoo.

Nikakumbuka beseni la Shangazi na vile vidonge juu ya kitambaa. Kwa dakika nzima nilijisikia vibaya sana. Kisha nikapata mpango.

Nikawaua wote. Amri moja, sitini na mmoja chini. Nikampigia mfamasia ajaribu. Nikasikia printa inaguna kwenye simu, nikasikia kimya, kisha akasema sekunde mbili. Akajaribu tena. Mbili. Nyuma yake watu walianza kuongea kwa sauti, kama abiria ambao gari lao limeanza kutembea. Mfamasia akasema asante, mwanangu. Safari hii upole ulikuwa upole tu.

Bosi amenikuta nimesimama juu ya kiti nimenyoosha mikono. Hakukuwa na wa kunionya, nilikuwa nimewaua. Nikashuka, nikamwambia kazi imekwisha. Ili kumwonyesha jinsi seva ilivyotakata, nikatoka kwenye akaunti yangu na kuingia tena upya mbele yake, kama fundi anayezima na kuwasha taa. Akauliza chanzo kilikuwa nini. Nikazungumza kama robo saa juu ya msongamano wa miito katika tabaka za ndani za kiini, suala ambalo hata nje wanahangaika nalo. Bosi akaanza kunyoosha mkono anipongeze. Niliuona ule mkono! Ulikuwa njiani!

Mlango ukafunguka, Miwani akaingia na karatasi zake. Hesabu za tangu Jumanne, saa kwa saa, dakika moja moja kama mwonja chumvi. Na safu ya mwisho ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Akasema alitaka kuwa na uhakika kabla ya kumtaja mtu, ndiyo maana alikwenda hospitali kupima; na kwamba saa nne na dakika kumi lebo zimepona ghafla, yeye akiwa pale pale.

Bosi akasoma. Akageuza karatasi nyuma, akakuta tupu, akairudisha mbele. Kisha akaniuliza swali moja.

"Kunguru ni nini?"

Nikasema ni programu ya ulinzi. Akauliza inamlinda nani dhidi ya nani. Nikasema hilo ni swali zuri.

Bosi alitoa simu yake mkobani, akaingia kwenye seva, taratibu, kidole kimoja. Hedifoni zangu zilikuwa juu ya meza, katikati yetu sote.

Kwaa.

Mara moja tu. Safi, kama siku ya kwanza. Nilikuwa nimetoka na kuingia tena ili nijionyeshe, na kila nikiingia, anazaliwa mmoja.

Bosi alikaa. Sijawahi kumwona akikaa kwa namna ile. Akasema, "Miezi mitatu nilikuwa najiambia kijana huyu elimu hana, lakini bidii anayo. Kila nikipanda ngazi namkuta anaandika."

Nilitazama viatu vyangu. Nilielewa sasa kwa nini yeye huvitazama. Ni mahali pazuri pa kutazama.

Ajabu ni Miwani. Alisema kwa haki, programu yenyewe haikuandikwa vibaya, imekosa mstari mmoja tu wa kuipumzisha na mmoja wa kuizima ya jana. Na kwamba aliyewaua kunguru ni mimi, tena kabla ya saa nane. Sikupenda alivyosema "mstari mmoja tu."

Saa nane simu ikaja, Bosi akasema neno zuri kati ya yale mawili. Kazi imebaki. Kiti ni cha Miwani. Mimi nimepewa miezi mitatu mingine ya majaribio chini ya Miwani, na kila Jumatatu na Jumatano asubuhi nitasimama kwenye foleni ya dawa na wagonjwa, saa mkononi, niandike kwa kalamu kila lebo imechukua muda gani. Bosi amesema mimi sasa ni kifuatiliaji cha miguu miwili. Miwani amecheka mpaka miwani ikadondoka.


Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Soksi hazijakauka. Nimezianika jikoni, sufuria likachemka na kuzirushia mvuke.

Shangazi ameuliza kama aliyeiharibu mashine amepatikana. Kidonge kimoja tu kimebaki, cha kesho. Nikasema Jumatatu atachukua dawa bila shida, na kwamba aliyeharibu walikuwa ndege. Waliingia ndani ya mashine.

Shangazi akafikiri huku anachambua maharage. Akasema ndege wa ndani huwa na mwenyewe.


Jumatatu, 10 Machi

Zamu yangu ya kwanza kwenye foleni. Saa, kalamu, daftari. Mfagiaji wa hospitali amepindua ndoo yake, maji yameniingia viatu vyote viwili. Sasa naanza kuamini kuna watu wananionea wivu.

Shangazi alikuwa wa nne. Nikampima kama wengine. Hodi moja, sekunde mbili, lebo nje. Dawa za mwezi mzima safari hii. Alizikumbatia kifuani, akageuka, akaitangazia foleni yote kwamba huyu ni mtoto wa kaka yake, ndiye aliyeiponya mashine, msimwone hivi. Yule mama wa ndoo akanishika mkono akaniombea mema. Mfamasia alinitazama juu ya miwani yake, akatabasamu, akamwita wa tano. Nampenda mama yule.

Nikatembea kumsindikiza Shangazi mpaka getini. Kwichi, kwichi, kwichi. Akasimama. Akaviangalia viatu vyangu kwa muda mrefu. Akaniuliza polepole, "Mwanangu, huna kitu cha kuniambia?"

Nikamwambia ni bomba, limepasuka.

Akasema haya. Akaondoka. Alikuwa anatikisa mabega. Sijui alikuwa analia au anacheka.

Ofisini nimekuta shida mpya. Bosi wangu sasa ni Miwani, na Miwani hana tabia ya kuingia kwenye seva kwa simu. Huja tu! Anatoka chumba cha nyuma, alikohamia, na viatu vyake vya raba, huyo mgongoni kwako, na drafti iko wazi.

Lakini mtu hufunzwa na makosa, na mimi nimefunzwa vya kutosha. Kosa la Kunguru lilikuwa jina. Jina kama lile linavuta macho kwenye jedwali. Huyu mpya nimemwita Huduma Muhimu. Na ile safu ya mwisho, ya mwenyewe, ndiyo iliyoniponza; safari hii nimemwandikisha kwa jina la Bosi, hakuna atakayethubutu kuuliza. Kila Miwani akigusa kibodi ya chumba cha nyuma, Huduma Muhimu anajua. Akiacha kuigusa, maana yake ananyanyuka, na hedifoni zangu zinaguna. Kazi ya akili!

Ule mstari wa kumpumzisha nimekusudia kuuweka. Nitauweka kesho. Leo miguu ina baridi.

Saa kumi mfamasia amepiga simu. Anasema si malalamiko, ila ameona lebo za mchana huu zimechukua sekunde tatu badala ya mbili, je, tunajua sababu?

Nimemwambia ni umeme.